Prosesa ya laptopu na ya ordinateri ya mezani: jina moja, nguvu mbalimbali

Anayetafuta mashini iliyokwisha kutumika katika maduka ya Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo husikia muuzaji akisema: "Hii iko Core i7." Papo hapo bei inapanda. Lakini i7 ya laptopu inaweza kushindwa na i5 ya ordinateri ya mezani ya kizazi kile kile. Kwa mwenye kufungua sekretaria ya kuchapa na kufotokopia, kujua tofauti hiyo kunaokoa pesa.

Moto ndio unaotenganisha

Prosesa ndiyo inapiga hesabu zote za mashini. Ndani yake mna viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Ikifanya kazi inakula kurant, na kurant hiyo inageuka kuwa moto. Ordinateri ya mezani iko na sanduku kubwa na feni kubwa, kwa hiyo moto unatoka vizuri. Laptopu ni nyembamba na inategemea batri, kwa hiyo prosesa yake imetengenezwa ili ile kidogo. Ikipata moto sana inajipunguza mwendo yenyewe.

Tuchukue mfano wa Intel, kizazi cha 7. Core i7-7500U ya laptopu iko na viini 2 na imepimiwa wati 15. Core i5-7400 ya mezani iko na viini 4 na wati 65. Zote mbili mwendo wao wa juu ni gigaheti 3,5, lakini kwa kazi nzito na ndefu, kama kutengeneza video, ile i5 inatangulia.

Kizazi nacho kinahesabika. Core i5-8250U, ya laptopu, ilitoka mwaka 2017 ikiwa na viini 4 kwa wati 15 zile zile.

Soma herufi ya mwisho

Kwa Intel, U ni laptopu inayokula kidogo. H ao HQ ni laptopu yenye nguvu zaidi, na batri yake huisha haraka. Kwa zile za mezani, nyingi hazina herufi. K ni ya wanaotaka kuongeza mwendo, T inakula kidogo. Angalisho kwa F: haina sehemu ya picha ndani, kwa hiyo bila karte ya picha, ekra inabaki nyeusi.

Hesabu ya kurant

Wati zilizoandikwa ni za prosesa peke yake. Ekra na vingine vinaongezeka. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1.200. Ikiwa ni ya asidi, afadhali isipite nusu, maana yake 600. Laptopu inayokula wati 30 kwa jumla itafanya karibu saa 20. Ordinateri ya mezani na ekra yake, kwa wati 100, saa 6. Konvertisa nayo inakula sehemu, kwa hiyo saa zitapungua kidogo. Tena, kurant ikikatika, ya mezani inazimika palepale, na kazi ya mteja ambayo haijahifadhiwa inapotea.

Ikiharibika

Prosesa ya mezani hukaa kwenye kitako chake. Fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine inayopatana na kadi-mama. Katika laptopu nyingi za miaka hii imeunganishwa kwa risasi, haibadilishwi. Vumbi ni adui wa zote mbili, lakini laptopu inasongwa mbele.

Kabla ya kutoa pesa

Bonyeza Windows na R pamoja, andika msinfo32. Utaona jina kamili la prosesa na hesabu ya viini. Kwa Intel, Windows 11 inaomba kizazi cha 8 ao zaidi, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu acha mashini ifanye kazi nzito dakika 20, usikilize feni.

Kwa kuchapa barua na kazi za wanafunzi mahali kurant inakatika-katika, laptopu ya U yatosha. Kwa video, mahali kurant ni ya hakika, ya mezani inatoa nguvu zaidi kwa pesa ile ile.