Waliobeba Vita Vichwani

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Wissmann alisimama juu kabisa. Chini, miguuni pake, aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa sanamu hiyo na kuipeleka London kama ngawira.

Mwaka 1927 walizindua ya kwao, na safari hii askari alikuwa peke yake. Ndiyo Sanamu ya Askari iliyopo mpaka leo kwenye makutano ya Samora na Maktaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, bunduki ikiwa imeelekezwa bandarini. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha hati za Kiarabu na cha hati za Kirumi. Yanawataja pia wapagazi. Lakini askari ndiye aliyesimamishwa juu.

Ukihesabu waliokufa, mambo yanageuka. Kwa upande wa Waingereza peke yake, watu wapatao milioni moja walichukuliwa kuwa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia huku Afrika Mashariki, na wanaokadiriwa 95,000 hivi walikufa. Idadi hiyo inawapita mbali askari waliouawa kwa risasi.

Sababu ilikuwa nchi yenyewe. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, na kutoka ilikoishia reli barabara za magari zilikuwa chache. Chakula, risasi na dawa vikasafiri vichwani mwa watu. Hesabu yake ilikuwa ya kikatili: mpagazi alibeba kilo 25 hivi, naye alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi ilimaliza mzigo karibu wote kabla askari hajaonja. Kadiri kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivyorudi nyuma kuelekea kusini, hadi kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji Novemba 1917, ndivyo Waingereza walivyohitaji wapagazi zaidi wa kuwalisha wapagazi.

Mwaka huohuo wanaume wa Kenya walisombwa kwa wingi vijijini. Wengi hawakuona adui hata siku moja. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga wa mahindi usioiva vizuri, ambao matumbo ya waliozoea ndizi au wali hayakuuweza.

Kambi zao ziliacha alama mijini. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, na anayekwenda kununua kitenge Kariakoo anapita palipokuwa na kambi ya jeshi.

Makaburi yao hayakupata bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, maofisa wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita walipojadili la kufanya, Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Mwanajeshi Mzungu alipewa jiwe lenye jina lake. Mwafrika aliingizwa katika sanamu ya jumla: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Huko Nairobi mpagazi alau alichongwa bega kwa bega na askari.

Karne moja baadaye tume hiyohiyo ilijichunguza. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kinachowezekana palipo na orodha kilionekana Cape Town Januari 2025. Huko ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini zaidi ya 1,700, wengi wao weusi, waliokufa wakilitumikia jeshi bila kubeba silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, yenye jina na tarehe ya kifo.

Tanganyika kazi ni ngumu zaidi. Majeshi yote mawili yalikamata watu vijijini yalimopita, na jeshi la Lettow-Vorbeck halikuacha hesabu ya wapagazi waliofia mikononi mwake. Kwa Waingereza kulikuwa na vitabu vya mishahara na vya mafao ambayo hayakulipwa, na watafiti wanaendelea kuchambua kumbukumbu hizo jina kwa jina. Kwa waliobebeshwa mizigo na Wajerumani, kinachobaki cha kufuatilia ni zaidi masimulizi ya koo zao.