Pini Iliyopimwa Sawa Ikakataa Kuingia

Mchoro unataka pini ya chuma yenye kipenyo cha kati ya milimita 19.95 na 20.00. Mkaguzi anaipima kwa maikromita kutoka ncha hadi ncha, na kila anapobana anasoma 19.98. Anaipitisha. Ikifika kwa fundi wa kuunganisha mashine inakwama, ingawa tundu lina milimita 20.01, kwa sababu pini imepinda kidogo katikati. Maikromita hubana nukta mbili zinazotazamana tu, hivyo mpindo hauuoni.

Swali la nini hasa maana ya "milimita 20" lilipata jibu zito Uingereza mwaka 1905. William Taylor, wa kiwanda cha lenzi cha Taylor, Taylor & Hobson mjini Leicester, alipata hataza ya namna mpya ya kutengeneza geji. Geji ya kupitisha, alisema, iwe na umbo kamili la kile ambacho kifaa kitakutana nacho. Kwa pini yetu, iwe bomba lenye urefu wa pini nzima, ili unene na unyoofu vihukumiwe kwa pamoja. Geji ya kukataa iwe kinyume chake, ipime sehemu moja moja, maana pini iliyokonda mahali pamoja ingeweza kuponea unene wa mahali pengine. Sijaona wazo la ufundi lililo fupi hivi likaishi muda mrefu hivi.

Wamarekani walilifanya sheria ya michoro. Katika kiwango chao cha Y14.5, toleo la 1982, liliitwa Kanuni ya Kwanza: pini ikifika 20.00 lazima inyooke kabisa; ikiwa 19.95 inaruhusiwa kupinda hadi 0.05.

Mwaka 1985 kiwango cha kimataifa, ISO 8015, kilishika njia nyingine. Ukubwa ni ukubwa, umbo ni umbo, na kila kimoja kinapimwa peke yake, isipokuwa mchoraji ameweka herufi E ndani ya duara. Waliokitunga nao wana hoja, kwani si kila pini huingia kwenye tundu, na unyoofu usiohitajika ni gharama ya bure.

Basi namba ileile ina hukumu mbili. Fundi, kabla hujawasha mashine ya kerezo, tafuta jina la kiwango kwenye kisanduku cha maelezo cha mchoro. Lisipokuwepo, urudishe kwa aliyeuchora.