Usimbaji: hatua iliyo kati ya kusoma na kukumbuka

Anayejiandaa kwa mtihani ana maneno mawili ya siku zote: kukariri na kuhifadhi. Kukariri ni kurudia. Ndiyo maana mwanafunzi aliyerudia mwaka husemwa amekariri darasa. Kuhifadhi ni kuweka kitu kisipotee. Baina ya kurudia na kuweka ipo kazi ambayo maneno hayo hayaitaji, nayo ni ile inayofanywa na akili juu ya habari ili habari hiyo iwekeke. Wanasaikolojia wanaoandika kwa Kiingereza huiita encoding. Kwa Kiswahili tunasema usimbaji.

Kusimba ni kugeuza ujumbe uwe katika alama za mfumo fulani, yaani msimbo. Wengi tumelizoea neno hili kwenye simu, katika usimbaji fiche, na huenda likasikika kama jambo la siri. Siri imo katika fiche; usimbaji wenyewe ni kugeuza tu. Ningeweza kukubali uingizaji, ila neno hilo linapotosha, kwa sababu linadokeza kwamba somo huingia kichwani kama lilivyo kitabuni. Haliingii hivyo. Sauti, sura na maana hugeuzwa kuwa mabadiliko katika miunganiko ya seli za neva, na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ina kazi kubwa hapo. Mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hadi alipofariki mwaka 2008 aliweza kuzungumza vizuri na kusimulia mambo ya utotoni, lakini tukio jipya halikukaa: aliyeonana naye na kutoka chumbani alirudi akiwa mgeni.

Kwa mwanafunzi, swali kubwa ni nini kinachofanya usimbaji uwe imara. Fergus Craik na Robert Lockhart walipendekeza mwaka 1972 kwamba jibu ni kina cha uchakataji, na mwaka 1975 Craik na Endel Tulving wakalipima wazo hilo. Watu waliulizwa kuhusu neno moja moja: limeandikwa kwa herufi kubwa? Lina vina sawa na neno fulani? Linafaa katika sentensi hii? Swali la tatu humlazimisha mtu afikirie maana, na maneno yaliyopitia swali hilo ndiyo yaliyokumbukwa zaidi, ijapokuwa hakuna aliyeambiwa ayashike.

Chukua Vita vya Majimaji. Anayerudia “1905 hadi 1907” hadi ulimi uchoke amesimba sauti ya tarakimu. Anayejiuliza kwa nini watu wa Nandete, huko Umatumbi, walianza kwa kung’oa pamba, anakutana na kilimo cha kulazimishwa, na utawala wa Wajerumani uliokisimamia, na kutoka hapo anapata sababu ya watu wa makabila mbalimbali kuyapokea maji ya dawa ya mganga Kinjekitile. Sasa tarehe ina mahali pa kushikilia. Kupigia mistari kwa kalamu ya rangi hakumpi mtu hayo, hata ukurasa mzima ukiwa wa njano.

Kisha kuna kujisaili, yaani kujipima bila kutazama kitabu, na hapa ndipo ningependa kila mzazi na mwalimu asimame kidogo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wote walisoma kifungu. Kisha wengine wakakisoma tena, na wengine wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama wala kusahihishwa. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojisaili walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kuitoa habari kichwani ni njia ya kuiimarisha. Kurudia kusoma hudanganya, kwa kuwa macho huutambua ukurasa, nasi tukadhani tunaujua.

Vyuo vyetu vya Kurani vilikwisha kuishi na jambo hili. Mwanafunzi anayehifadhi hufunga msahafu, husoma kwa ghibu mbele ya mwalimu, hukosolewa anapokwama, na sehemu alizozimaliza zamani hudurusiwa tena na tena ili zisimtoke. Manufaa ya kudurusu huko kwa vipindi vilivyoachana ndiyo aliyoyakuta Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akayaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1885. Mapitio ya mbinu 10 za kusoma yaliyoongozwa na John Dunlosky mwaka 2013 yalizipa daraja la juu mbili tu: kujisaili na kuachanisha vipindi vya kudurusu. Kupigia mistari na kurudia kusoma vilipewa daraja la chini.

Walimu, tumieni istilahi hii darasani na mwaeleze wanafunzi inataja kazi gani. Na kabla ya somo jipya, wapeni dakika chache waandike, madaftari yakiwa yamefungwa, waliyoyakumbuka ya wiki iliyopita.