Kabla ya Bruda Colm

Hapa Isiolo, timu ya shule ikirudi mikono mitupu kutoka mashindanoni, hukosi kusikia kwenye vibanda vya chai vya Bulapesa kauli ile ile: tungempata kocha kama yule Bruda wa Iten, watoto wetu nao wangefika Olimpiki. Mimi niliyefundisha michezo shuleni hadi kustaafu nimeisikia hadi nikachoka. Si kwamba namdharau Bruda Colm O'Connell, hasha. Ila wanaoisimulia hadithi yake huianzia katikati.

Bruda aliwasili St Patrick's, Iten, kule juu ya bonde la Kerio, mwaka 1976, akitokea Ireland kuja kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Aliyekuwa akiwanoa vijana ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ambaye nduguye Brendan alitwaa shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huo huo. Na Mike Boit alikuwa ameshapita katika madarasa yale zamani. Mwaka 1972 Boit alishinda shaba ya mita 800 Munich, miaka 4 kabla ya Bruda kutia mguu Iten. Huenda angeongeza nyingine, lakini Kenya ilisusia Montreal, kisha ikasusia Moscow mwaka 1980, na ubora wake ukapita hivyo hivyo.

Foster aliporudi kwao, kazi ikamwangukia mwalimu wa jiografia. Hapo ndipo wenzangu wa kibandani hupita mbio, na ndipo penye utamu. Alirithi nini? Alirithi shule ya bweni iliyo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wavulana waliokuwa wakikimbia tayari, na ngazi za mashindano ya shule: wilaya, mkoa, kisha taifa. Akawa anajifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake. Kocha anayekubali kufundishwa na watoto si rahisi kumpata. Wengi wetu tulikuja na filimbi na majibu.

Mavuno yalipokuja, yalikuja kwa fujo. Ibrahim Hussein alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987 na za Boston mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo katika miji yote miwili. Peter Rono akachukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, Matthew Birir akafuata Barcelona mwaka 1992 kwa mbio za kuruka viunzi na maji. Mabingwa wamepandiwa miti shuleni, na mwanafunzi mgeni hupita chini ya majina hayo akienda darasani. Miti hiyo nayo inafundisha, tena bila mshahara.

Nakubali kwamba Bruda aliongeza lake. Alianzisha kambi wakati wa likizo na kuwapokea wasichana, ambao shule yenyewe haiwasajili. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alikuwa mikononi mwake. Hata David Rudisha, aliyenolewa naye na kukimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012, alisoma shule nyingine. Lakini jambo lake kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuhama.

Kwetu huku, eneo la mazingira magumu, mwalimu hufika huku barua ya uhamisho i mfukoni. Akiondoka, anaondoka na saa yake ya kupimia muda na yote aliyoyajua kichwani. Anayefuata anawapanga watoto mstarini upya kana kwamba hawajawahi kukimbia. Ndiyo maana nilipostaafu sikupendekeza kocha yeyote. Niliacha ofisini daftari lenye muda wa kila mtoto, mwaka kwa mwaka, hata wa wale walioshika mkia, na nikamwonyesha kiranja wa michezo jinsi ya kulijaza.