Mashine ya kupima dhahabu huhakikiwaje?

Mashine ya eksirei inayopima usafi wa dhahabu ina kigunduzi cha silikoni. Metali ikipigwa eksirei hutoa eksirei zake yenyewe: shaba takriban kiloelektronivolti 8.0, dhahabu 9.7. Kigunduzi huzigeuza kuwa umeme mdogo sana, lakini umeme huo hauna maana bila alama za kulinganishia.

Fundi huanza na chanzo kinachojulikana. Chuma-55, kwa mfano, hutoa 5.9 na 6.5. Alama hizo mbili huonyesha namba nyingine zikae wapi. Kisha hupima kipande chenye usafi unaojulikana, kama mizani inavyohakikiwa kwa jiwe lake.

Joto likibadilika, alama huweza kusogea. Tunashauri: kabla ya kuuza, omba kipande hicho kipimwe mbele yako.