Bega Liteguka­lo na Tiba Yake

Mtego hutegwa, kisha huteguliwa. Na katika teguka mna kiambishi kile kile cha kutendua. Mchezaji wa raga haumizwi sana na siku ya kwanza ya kuteguka bega, bali na mazoea yake, maana likisha toka mara moja hutoka tena. Hippocrates, tabibu wa Kiyunani, alifundisha kuunguza kwapa kwa chuma cha moto, ili kovu likaze na mfupa usipate njia. Hata mwaka 1923 Bankart wa London akaonyesha kuwa kasoro iko ndani: ukingo laini wa kikombe cha bega umebanduka. Dawa yake ilikuwa kuushona mahali pake, lakini kwa kulipasua bega wazi.

Njia ya tundu ilijaribiwa Tokyo mwaka 1918, Takagi alipochungulia goti la maiti kwa chombo cha kutazamia kibofu. Miaka ya 1980 ikafika begani, kwa pini za chuma, baadaye kwa nanga ndogo zenye uzi. Wengi wakadhani kisu kikubwa kimekwisha kazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 2000 Burkhart na De Beer walitoa habari za mabega 194, mengi yakiwa ya wachezaji wa raga wa Afrika Kusini. Pasipokuwa na pengo kubwa la mfupa, yaliyotoka tena yalikuwa 4 katika 100; palipokuwa nalo, 67. Uzi hauzibi pengo la mfupa. Ndipo ikakumbukwa kazi ya Latarjet wa Lyon, aliyehamishia kipande cha mfupa kwenye ukingo ule mwaka 1954; na mwaka 2007 Lafosse, Mfaransa mwenziwe, akaeleza namna ya kuifanya hiyo nayo kwa matundu.