Pensheni ya mjane wa polisi nchini Uingereza

Pensheni ya mjane wa polisi ni fedha anazolipwa mke wa askari aliyefariki, pamoja na watoto wake, kutoka kwenye mfuko wa jeshi lenyewe au hazina ya umma. Jeshi la Polisi la London lilianzishwa mwaka 1829, lakini karibu miaka 90 ilipita kabla mjane hajawa na dai lisilotegemea namna mumewe alivyokufa. Katika kipindi hicho wajane wengi waliishi kwa kiinua mgongo cha hiari ya wakubwa, michango ya askari wenzake na marehemu na huruma ya magazeti.

Jeshi la Polisi la London lilipoundwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, Robert Peel, lilikuwa na sare, zamu na adhabu za makosa, bali fungu la familia halikuwapo. Askari wake wa kwanza kuuawa kazini, Joseph Grantham, alipigwa teke la kichwa mwezi Juni 1830 akiamua ugomvi wa walevi katika mtaa wa Somers Town. Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Mei 1833, konstebo Robert Culley alichomwa kisu polisi walipotawanya mkutano wa wafanyakazi huko Coldbath Fields. Polisi walikuwa wakichukiwa kiasi kwamba jopo la raia waliochunguza kifo chake liliamua kuwa muuaji alikuwa na haki ya kuua. Wanajopo hao walishangiliwa mjini na kutengenezewa medali. Serikali ilimpa mjane wa Culley pauni 200, na zilitolewa kama zawadi, kwa sababu kesi ilikuwa imevuma. Hakuna sheria iliyosema kuwa mjane wa konstebo mwingine angepata hata peni moja.

Mfuko wa malipo ya uzeeni wa polisi wa London ulianza mwaka 1839, na sheria ya polisi wa majimbo ya mwaka 1840 ikaweka mifuko kama huo nje ya jiji. Askari alikatwa hadi asilimia 2.5 ya mshahara. Makato hayo hayakutosha, kwa hiyo mfuko ukajazwa kwa fedha za ajabuajabu: mshahara uliozuiliwa askari alipougua, faini za askari wazembe, faini za walevi na za watu waliowapiga polisi, hata bei ya sare kuukuu zilizouzwa. Kwa maneno mengine, uzee wa askari ulitegemea kwa sehemu wingi wa walevi wilayani kwake. Mfuko wa London ulikauka kabla ya miaka 20 kupita, na walipa kodi wakalazimika kuujazia. Wala makato hayo hayakumpa askari haki ya kudai. Aliweza kuchangia miaka mingi, kisha wakubwa wakaamua vingine. Kama hali ya askari mwenyewe ilikuwa hiyo, mkewe hakuwa na la kutegemea.

Pengo hilo lilizibwa kwa hisani. Mwaka 1870 Kamishna Edmund Henderson alianzisha makao ya yatima wa polisi wa London huko Twickenham, yakigharamiwa na michango ya askari wenyewe na maonyesho ya hadharani. Kikundi cha waimbaji wa jeshi hilo kilizunguka kumbi za nchi kwa miongo kadhaa kikikusanya fedha za yatima. Waimbaji wake walijipaka nyuso masizi kuiga watu weusi, mchezo uliopendwa sana Uingereza wakati huo na ambao leo unatia aibu. Katika majimbo, kazi kama hiyo ilifanywa na Catherine Gurney, mwanamke mcha Mungu aliyeanzisha jumuiya ya Kikristo ya polisi mwaka 1883 na kusimamia makao ya yatima kusini mwa nchi, kisha mengine mjini Harrogate mwaka 1898. Makao hayo yalifanya mema mengi, lakini yalimchukua mtoto na kumwacha mama. Mjane asiye na kipato alilishiwa na kusomeshewa mwanawe kwa sharti la kutengana naye.

Haki ya kisheria ilianza kuonekana mwaka 1890, tena baada ya vurugu. Kamishna James Monro alijiuzulu mwezi Juni kwa kugombana na serikali juu ya pensheni. Mwezi uliofuata baadhi ya askari waligoma katika kituo cha Bow Street, na 39 wakafukuzwa kazi. Sheria ya Polisi iliyopitishwa mwaka huo ilimhakikishia askari pensheni baada ya miaka 25 ya utumishi. Kwa mara ya kwanza ilimtambua pia mjane, lakini kwa mlango mwembamba: pensheni ilikuwa ya mjane wa aliyekufa kwa jeraha alilopata akiwa kazini. Mwingine yeyote aliachiwa kiinua mgongo ambacho wakubwa wangeweza kutoa au kukataa.

Ukubwa wa haki hiyo unaonekana katika kisa cha konstebo William Tyler. Tarehe 23 Januari 1909 wezi wawili wenye bastola waliiba fedha za mishahara ya kiwanda huko Tottenham, kaskazini mwa London, wakakimbizwa maili kadhaa na polisi na raia. Tyler aliwakaribia bila silaha akawaambia wasalimu amri. Walimpiga risasi ya kichwa. Mtoto wa miaka 10 aliuawa pia katika mkasa huo. Mazishi yalijaza barabara watu, na kisa hicho kilichangia kuanzishwa kwa medali ya mfalme ya polisi mwaka huohuo. Wananchi walimchangia mjane pauni 1,055, lakini hakukabidhiwa: fedha ziliwekwa mikononi mwa wasimamizi, yeye akawa anapewa faida yake tu. Pensheni yake ilikuwa pauni 15 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 6 kwa wiki, katika enzi ambayo pauni moja ilikuwa shilingi 20. Huyu ndiye mjane aliyebahatika, kwa kuwa mumewe alikufa kwa risasi mchana kweupe.

Askari wengi hawakufa hivyo. Konstebo wa London alitembea usiku kucha katika mvua na ukungu wa makaa ya mawe, na maradhi ya kifua, kifua kikuu na baridi yabisi ndiyo yaliyomng'oa kazini zaidi ya kisu na bastola. Aliyerudi kutoka doria na homa ya mapafu akafa baada ya siku chache hakuwa na jeraha la kuonyesha. Kijijini hali iliweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa askari alipewa nyumba ya serikali, na nyumba hiyo ilihitajika kwa ajili ya mrithi wa kazi yake. Sheria ya 1890 ilipima namna ya kufa, haikupima njaa iliyobaki nyumbani.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyovunja uvumilivu. Bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma, na askari walijiunga kwa siri na chama cha wafanyakazi kilichopigwa marufuku. Tarehe 30 Agosti 1918 karibu askari 12,000 wa London waliacha kazi. Kisa cha karibu kilikuwa kufukuzwa kwa konstebo Tommy Thiel, mwanaharakati wa chama hicho, lakini pensheni ya wajane ilikuwa miongoni mwa madai yao. Waziri Mkuu David Lloyd George, akiwa na vita mkononi na mji mkuu usio na polisi, alikutana na viongozi wao siku iliyofuata. Askari walipata nyongeza ya shilingi 13 kwa wiki, na wajane shilingi 10 kwa wiki, sawa na pauni 26 kwa mwaka. Mjane wa kawaida sasa alizidi kile alichopewa mjane wa Tyler miaka tisa nyuma. Katika historia yote ya pensheni hii, hakuna siku mbili zilizozaa matunda zaidi ya hizo, na inafaa kukumbuka kuwa zilizaa kwa sababu ya mgomo.

Serikali ilihakikisha mgomo mwingine wa namna hiyo hautokei. Sheria ya mwaka 1919 iliwakataza polisi kuwa na chama cha wafanyakazi, ikawaundia shirikisho lisiloruhusiwa kugoma. Pensheni za wajane ziliingizwa katika Sheria ya Pensheni za Polisi ya 1921, na nyingine ya 1948 ikazipatanisha na bima mpya ya taifa.

Wakati huohuo mfano wa Uingereza ulikuwa umevuka bahari. Sheria za pensheni za makoloni ziliandikwa kwa kielelezo kimoja. Mtumishi aliyekufa kwa jeraha, ilimradi alikuwa akitimiza wajibu wake, hakujisababishia mwenyewe na jeraha lilitokana na aina ya kazi yake, mjane wake aliweza kupewa hadi sudusi ya mshahara, maadamu hajaolewa tena na ana mwenendo mwema. Nchini Kenya ubaguzi wa rangi uliongezwa juu ya hayo. Orodha ya sheria za nchi hiyo bado inaonyesha nyayo zake: Sura ya 192 ni ya wajane na yatima, Sura ya 193 na 194 zinataja Waasia kwa jina, na Sura ya 195, ya pensheni za wajane na watoto, haitaji rangi. Chini ya Sheria ya Pensheni ya Kenya, pensheni ya wategemezi wa mstaafu aliyefariki hulipwa miaka 5 tu. Mfuko mpya wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, ambao polisi wamo, hukata asilimia 7.5 ya mshahara wa mtumishi, serikali huongeza asilimia 15, na kuna bima ya maisha ya mara tano ya mshahara wa mwaka.

Uingereza kwenyewe, hisani haikufa hata baada ya haki kuandikwa. Askari watatu walipouawa kwa risasi huko Shepherd's Bush, London, tarehe 12 Agosti 1966, tajiri wa kambi za mapumziko Billy Butlin alitoa pauni 250,000, na mfuko wa wategemezi wa polisi ulioanzishwa ukavuka pauni milioni moja. Taifa lililokuwa na sheria za pensheni kwa miaka 76 lilihitaji bado kupitisha kofia.

Sharti lililodumu kuliko yote ni lile la ndoa. Katika mpango wa pensheni za polisi wa 1987, ambao askari aliuchangia asilimia 11 ya mshahara, mjane aliyeolewa tena au kuishi na mwenzi alipoteza pensheni. Hoja yake ilikuwa ya karne ya 19: mwanamke hulishwa na mume, akipata mwingine hazina inapumzika. Wajane walijikuta wakichagua kati ya upweke na kodi ya nyumba, na wengine walificha wachumba wao. Mpango wa 2006 uliondoa sharti hilo na kuwatambua wenzi wasiofunga ndoa, lakini haukuwagusa wajane wa zamani. Ireland ya Kaskazini iliwafungulia mlango wajane wake mwaka 2014. Mwishoni mwa 2015 serikali ya London ilitangaza kuwa England na Wales zingefanya hivyo kwa wajane wa waliokufa kazini, kuanzia Aprili mwaka huo. Mjane wa mpango wa 1987 ambaye mumewe alikufa kwa saratani au katika ajali ya likizo hakuingizwa katika nafuu hiyo. Mstari uliochorwa mwaka 1890 kati ya kifo cha kazini na kifo kingine ulimrudia yeye.